Kitenzi cha Watu Wengi

Habari ya kifo cha Mama Rebeka ilinifikia Jumanne, mnamo saa nne asubuhi, nikiwa nimeketi barazani kwangu hapa Lodwar nikichambua dengu. Aliyepiga simu alikuwa binti yake, Tabitha, kutoka Juba. Alisema mama alikula chakula cha mchana vizuri, akajinyoosha kidogo kwenye kivuli cha ukuta, na alipoitwa anywe chai hakuitika. Walikuwa wameshamzika. Nikamuuliza kama watu walikuja. Ni swali baya kumuuliza mfiwa, nalijua, lakini lilinitoka kabla sijalishika. Tabitha akasema, "Teacher, walikuja mpaka tukakosa pa kuwakalisha." Nikamwambia pole, nikamwambia asante, nikaweka simu chini na kulia kwa sauti, hata jirani akaja mbio akidhani nimeungua.

Nimefundisha Kiingereza katika shule za mji huu kwa zaidi ya miaka ishirini na tano, na kuna kitenzi kimoja ambacho sijawahi kukiandika ubaoni bila mkono kusita. "Ostracize." Wanafunzi hukicheka kwa mlio wake, wengine hudhani ni habari za mbuni, yule ndege, kwa kuwa kwa Kiingereza majina yanakaribiana. Mimi huwapa maana yake, huwapa sentensi mbili za mfano, nikasonga mbele. Sijawahi kuwaambia kwamba maana ile sikuipata chuoni. Niliipata Kakuma, mwaka niliokuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, kwa mwanamke ambaye hakujua kusoma hata jina lake mwenyewe. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo na nimekaa na watu wenye shahada ukutani, na bado nikimfikiria mwanamke yule hujiona kama mtoto aliyesimama chini ya mlima akitafuta kilele.

Mwaka ule nilikuwa mkalimani. Ofisi moja iliyohudumia wakimbizi wa kambi ya Kakuma ilinichukua kwa sababu nilikuwa na Kiturkana cha kuzaliwa, Kiswahili na Kiingereza cha shule, na Kiarabu cha Juba nilichokiokota Lokichoggio nikiwauzia chai madereva waliotoka mpakani Nadapal. Nilipanga chumba Kakuma mjini, nyuma ya duka la mama mmoja Mkisii aliyeuza kila kitu kuanzia misumari hadi mafuta ya nywele. Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo na ukuta wa mabati ambao jua likipanda ulianza kutatarika kama bisi kwenye sufuria. Chumba cha mahojiano kule ofisini nacho kilikuwa cha mabati, chenye viti vitatu vya plastiki, jerikeni ya maji ya kunywa, na feni iliyogeuza shingo kushoto na kulia bila kumpepea mtu yeyote. Mezani kilikaa kitu kimoja cha thamani, nacho ni kamusi ya Kiingereza ya Bwana Mutiso, iliyojalidiwa kwa karatasi ya kaki kama daftari la mwanafunzi. Bwana Mutiso alikuwa ofisa wangu, Mkamba wa makamo, mlokole, mtu wa kufunga tai hata siku ambazo mbuzi wote wa Kakuma walikuwa wamelala wakihema. Nilimwogopa. Kila nilipobabaisha tafsiri aliinua kalamu na kusema, "Akiru, usinipe neno jirani. Nipe neno lenyewe."

Mama Rebeka aliingia chumba kile katika wiki yangu ya tatu. Alikuwa mrefu, mwenye umri kama wangu wa sasa au pungufu kidogo, amejifunga shuka ya kijani begani kwa fundo moja. Alimsalimia Bwana Mutiso, akanisalimia mimi, akageuka akamsalimia na mlinzi aliyesimama mlangoni, ndipo akaketi. Kisa chake kilikuwa hiki. Kulikuwa na mama wa Kiturkana aitwaye Akai aliyekuwa akiingia kambini kuuza kuni. Siku moja debe la mafuta ya kupikia lilipotea katika mtaa wa Mama Rebeka, na vijana wakamdaka Akai njiani, wakasema ni yeye. Walimpiga hadi mkono wake wa kulia ukavunjika mara mbili. Polisi walipokuja kuuliza, mtaa mzima haukuona kitu. Mama Rebeka peke yake ndiye aliyesema ameona. Alisema mafuta yalipopotea Akai alikuwa ameketi uani kwake anakunywa maji, kwa hiyo hakuiba. Na alipoulizwa nani alishika fimbo, alimtaja Deng, kijana wa jirani yake, kijana wa watu wa kwao, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni walipokuwa wakiikimbia vita. Deng alipelekwa Lodwar, akafungwa.

"Na sasa wamekufanya nini?" Bwana Mutiso aliuliza, nami nikatafsiri.

Mama Rebeka alifikiri kwanza. Maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili, lakini aliyasema kwa Kiarabu chake cha Juba, polepole, kama mtu anayepanga vyombo. "Hawajanifanya kitu. Nikienda bombani nawasikia kwa mbali wanaongea. Nikifika, wananyamaza. Nikijaza maji nikiondoka, nasikia wanaanza tena. Moto wangu ukizimika, hakuna wa kunipa kaa. Kanisani benchi letu ni la watu sita. Mimi nakaa peke yangu, wengine wanabanana nyuma, wengine wanasimama. Juzi mtoto mdogo alinisalimia. Mama yake akamvuta sikio."

Nikatafsiri. Nikasema kwa Kiingereza kwamba wamemfukuza. Bwana Mutiso akainua kalamu. "Nani kamfukuza? Si bado analala kwake? Amepigwa? Hapana. Ametishwa? Hapana. Nyumba imechomwa? Hapana. Fomu hii ina visanduku vya hayo yote, Akiru. Sasa mimi nitie alama wapi?" Nikasema basi wamemkwepa. Akatikisa kichwa. "Kukwepa ni mtu mmoja na mtu mmoja. Mimi naweza kumkwepa shemeji yangu." Akavuta kamusi, akalamba kidole, akaanza kupekua. Mama Rebeka alitazama kurasa zikipinduka kama anayetazama mwenzake akitafuta sindano aliyoiangusha. Hatimaye Bwana Mutiso akaweka kidole mahali, na nikaona uso wake, ule uso mkavu, umelainika kwa furaha.

Sitasahau somo alilotupa asubuhi ile. Alisahau fomu, akasahau kwamba nje kulikuwa na foleni. Alisema kitenzi kile hakina nafsi ya kwanza umoja. Huwezi kusema mimi nimefanya hivyo. Ukisema, Mwingereza atakushangaa. Mtendaji wake lazima awe kundi, kanisa, ukoo, darasa, kijiji. Na mtendwa mara nyingi ni mmoja. "Tena angalia," akasema, "watu hupenda kukitumia kwa kutendwa. Fulani ametengwa. Nani aliyemtenga? Hawasemi. Kitenzi kinawaficha." Akaendelea kusimulia kwamba Wayunani wa kale walikuwa wakikusanyika mara moja kwa mwaka, kila mtu na kigae chake cha chungu kilichovunjika, na juu ya kigae wanaandika jina la mtu wanayetaka aondoke mjini. Vigae vikihesabiwa, mwenye jina lililozidi anaondoka kwa miaka kumi. Neno lenyewe limetoka kwenye kigae.

Nilimtafsiria Mama Rebeka hadithi hiyo kadiri nilivyoweza. Aliinamisha kichwa akisikiliza. "Na miaka kumi ikiisha?"

"Anarudi," Bwana Mutiso akasema. "Nyumba yake anaikuta, mali yake anaikuta."

Mama Rebeka akacheka, kicheko cha kweli, hata meno yake ya pembeni yakaonekana. "Basi hao walikuwa watu wazuri," akasema. "Waliandika. Walihesabu. Na walimwambia siku ya kurudi."

Bwana Mutiso hakucheka. Aliandika kitenzi kile kwenye fomu kwa herufi safi, akaeleza kwamba sasa kuna njia. Kwa neno hilo anaweza kumwombea ahamishwe, yeye na Tabitha, wapelekwe upande mwingine wa kambi wenye ulinzi, mbali na mtaa ule. Kilichobaki ni aweke kidole gumba chini ya maandishi. Mama Rebeka akaniomba nimwambie kwanza neno lililoandikwa ni lipi, kwa lugha yake. Hapo ndipo nilipokwama. Nilitafuta katika Kiarabu changu cha kuuzia chai, nikakosa. Jasho likanitiririka mgongoni. Mwishoni nikasema nilichoweza kusema: "Ita fi bara." Wewe uko nje.

Aliitazama karatasi, kisha akaukunja mkono wake na kuurudisha mapajani. "Neno hilo si langu," akasema. "Ni lao. Wao ndio wanaosema mimi niko nje. Mimi sijatoka. Nikiweka kidole hapo, nimewakubalia, na nitakuwa nje kweli." Akamshukuru Bwana Mutiso kwa hadithi ya vigae, akainuka, akatuaga mmoja mmoja pamoja na mlinzi, akaondoka.

Kwa siku nne sikulala vizuri. Niliamini nimemharibia. Niliamini mkalimani mwenye akili angepata neno lenyewe, naye angeweka kidole na kuhamishwa mahali pa amani. Mchana mmoja, nikiwa nimejilaza chumbani saa ya joto kali, nikawasikia wanawake wawili wakizungumza Kiarabu dukani, upande wa pili wa mabati. Walikuwa wakimsema yeye. Mmoja akasema, "Kila asubuhi ananisalimia. Kila asubuhi. Anataja jina langu, anataja na la mtoto wangu aliyekufa, anamwombea." Mwingine akauliza, "Na wewe?" "Mimi naangalia ndoo yangu. Lakini nakwambia, salamu yake ile naiogopa kuliko matusi." Kisha wakauliza bei ya sabuni. Nililala pale nikitazama matundu ya misumari kwenye mabati ya paa, kila moja na jicho lake la jua, nikajua kwamba mtu huyu hakuwa anaishi kama nilivyodhani anaishi.

Ofisi ilitukataza kuwatembelea watu tuliowatafsiria. Jumamosi iliyofuata nilikwenda. Nilimkuta uani anamimina unga uliochacha juu ya bati la moto, anausambaza kwa kipande cha jani la mkoma, na kubandua kisra, chapati za kwao, moja baada ya nyingine, nyembamba kama karatasi. Akai alikuwepo, mkono ukiwa umefungwa kwa kitambaa cha shingoni. Alikuwa ameleta kuni kichwani akizishika kwa mkono mmoja. "Ejok," akanisalimia kwa Kiturkana, kana kwamba kunikuta pale ni jambo la kila siku. Niliomba msamaha kwa tafsiri mbovu. Mama Rebeka alishangaa. "Ulisema vizuri," akasema. "Ungesema vizuri zaidi, labda ningedanganyika." Akatuwekea mulah, mchuzi wa bamia uliopikwa na samaki mkavu aliyetoka ziwani, Ghuba ya Ferguson, tukala kwa mikono kutoka sahani moja, watu watatu wasio na lugha moja ya pamoja, mimi nikigeuza maneno kati yao. Huyu aliuliza watoto, yule akauliza mvua. Akai alipoondoka nikamuuliza Mama Rebeka kwa nini alisema mbele ya polisi. Alinitazama kama aliyeulizwa kwa nini mto hutelemka. "Alikuwa kwangu," akasema. "Anakunywa maji yangu. Ningesema hakuwepo, yale maji yangekuwa wapi?"

Nilianza kwenda kila Jumamosi. Wakati mwingine nilipita asubuhi kabla ya kazi nikamwona akienda bombani, na nilisimama kwa mbali kumtazama. Foleni ilikuwa ya wanawake thelathini hivi, jerikeni za njano zimepangwa kama meno. Alianzia mkiani hadi mbele. "Mama Nyibol, salaam. Mama Achan, salaam, mguu unaendeleaje? Mama Deng, salaam." Mama Deng alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye alama ya moto shavuni, mwanawe akiwa gerezani, yeye ndiye aliyeshika uzi wa ukimya ule, na wengine wote walimtazama yeye kabla ya kujua watazame wapi. Hakuna aliyeitikia. Mama Rebeka alimaliza foleni nzima, akaweka jerikeni yake nyuma, akasubiri. Sauti yake haikuwa na kejeli wala machozi. Ilikuwa sauti ya mtu anayesalimia majirani. Nimejaribu kuieleza kwa miaka mingi na mpaka leo nakuta neno jirani tu.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kuruka. Katika chumba chetu cha wakalimani alikuwepo kijana mmoja mchangamfu, Yohana, mtu wa kwao Mama Rebeka, aliyetupikia chai na kutufundisha nyimbo. Nilimpenda, na nilipenda kupendwa pale. Siku moja alisema kwa sauti ya utani, bila kunitazama, kwamba kuna watu wanakula katika nyumba wasizozijua, na kwamba watajulikana. Wiki hiyo hiyo tulikwenda sokoni kundi zima, tunanunua nyanya, tunacheka. Mama Rebeka akatokea kati ya vibanda na kikapu chake. "Akiru, binti yangu, kef?" akanijulia hali, na uso wake ulikuwa umefunguka wote. Nikaangalia nyanya. Nilikuwa na nyanya moja mkononi na nikaigeuza, nikaigeuza tena, kana kwamba natafuta doa. Nilimsikia akisimama kidogo. Kisha nikasikia kandambili zake zikienda. Yohana akanisukuma begani kirafiki, tukaendelea na bei. Bwana Mutiso alisema kitenzi kile hakitendwi na mtu mmoja. Hakusema kwamba kila mmoja katika wale wengi hukitenda akiwa na mkono wake mwenyewe, na nyanya yake mwenyewe.

Jumatatu Mama Rebeka alikuja ofisini kufuatilia karatasi za shule za Tabitha. Nilikuwa mlangoni, hakuna pa kujificha. "Akiru, binti yangu, kef?" Sauti ile ile, kama ya juzi. Nikamvuta nyuma ya tangi la maji nikamwambia ninajuta, ninaona aibu, anisamehe. Alinishika kidevu kama ninavyomshika mtoto wa darasa la kwanza. "Ulikuwa na watu," akasema. "Mtu akiwa na watu anaogopa kuwapoteza. Mimi najua. Kabla ya hii, na mimi nilikuwa nao." Kisha akaongeza, "Kule kwetu, kabla ya vita, kulikuwa na mwanamke mmoja tuliyemwacha hivi. Sikumsalimia miaka miwili. Sikumbuki hata alikosa nini."

Hapo ndipo nilipoelewa salamu za bombani. Hakuwa anawashinda wale wanawake, wala kuwafundisha. Alikuwa anajua kutoka ndani jinsi wanavyojisikia wakiangalia ndoo zao, na hakutaka hata mmoja wao abaki peke yake na jambo lile.

Jumapili nilikwenda kanisani kwao, mimi niliyekuwa nikisali mjini na Wakenya wenzangu, nikapita katikati ya kanisa lile la udongo, nikaketi kwenye benchi la watu sita. Tukawa wawili. Nilisikia pumzi ya watu nyuma yangu. Jumatatu, katika chumba cha wakalimani, Yohana alimimina chai vikombe vitano, na sisi tulikuwa sita. Kwa miezi miwili na zaidi niliingia chumba kile mazungumzo yakakatika, nikatoka yakaanza tena, na nilijifunza kwamba mwili hulichukua jambo hilo kabla ya akili. Mikono haijui ikae wapi, unaanza kujisikia ukitembea. Asubuhi moja Bwana Mutiso aliingia kutafuta faili, akaangalia vikombe, akaniangalia mimi. Alikwenda ofisini kwake akarudi na kikombe chake cha bati na kiti chake, akaketi kando yangu na tai yake, akanywa nusu ya chai aliyoagiza kwa mlinzi, akanisogezea nusu iliyobaki. Alifanya hivyo kila siku hadi nilipoacha kazi ile. Kwa hiyo hata yeye sikumjua.

Mwezi wa kumi na moja tangu ukimya ule uanze, Jumamosi adhuhuri, tulikuwa uani kwa Mama Rebeka. Sufuria ya mulah ilikuwa motoni, Tabitha anaosha sahani, mimi nimekaa kwenye kigoda karibu na mafiga. Basi la kutoka Lodwar lilikuwa limepita barabarani, tulilisikia. Kisha tukasikia jambo lisilo la kawaida, mtaa wote umenyamaza. Nikainua macho, na kwenye uwazi wa ua alikuwa amesimama kijana mwembamba, kichwa kimenyolewa, ameshika mfuko wa karatasi. Nyuma yake, nje ya ua wa miiba, watu walikuwa wakikusanyika bila sauti.

Alikuwa Deng. Kwa kawaida mtu akitoka kifungoni huanzia kwa mama yake. Nyumba ya mama yake ilikuwa ya pili kutoka pale, na alikuwa ameipita.

Nilishika ukingo wa kigoda. Nilifikiria ile fimbo. Tabitha aliinuka na sahani mkononi. Mama Rebeka alimtazama kijana yule juu hadi chini, akachota maji kwenye mtungi, akampa. Deng alikunywa akiwa amesimama, akamaliza, akabaki ameshika kikombe.

"Mama," akasema. Sauti yake ilikuwa nzito na haikuzoea kutumika. "Kule ndani nilikaa na Waturkana. Mmoja alikuwa na mkono kama wa yule mama. Kila siku nauangalia." Kisha akaongeza, "Wewe ulisema kweli. Nimekuja kwako kwanza ili wote waone."

Mama Rebeka akamwambia, "Keti, chakula kiko karibu." Deng akaketi chini, kwenye vumbi, kikombe juu ya magoti.

Ndipo watu wa nje wakapisha njia, na Mama Deng akaingia. Alikuwa amekimbia, leso yake imefunguka. Alifika katikati ya ua akasimama. Alimwona mwanawe ameketi pale na kikombe, akamwona Mama Rebeka, akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Nilimwona akijaribu. Miezi kumi na moja alikuwa amelizuia neno moja dogo, na sasa alilitaka na halikuja. Nyuma yake mtaa mzima ulikuwa umesimama kando ya ua, wanawake wale wote wa bombani, na wote walikuwa wakimtazama yeye kama walivyozoea, ili wajue watazame wapi. Sijawahi kuona mtu aliye peke yake kama mwanamke yule, katikati ya watu wake.

Mama Rebeka alikuwa na kila neno la kusema. Angeweza kusema nakusamehe, na lingekuwa neno zuri, na Mama Deng angelibeba kama mzigo hadi kaburini. Alikoroga sufuria, akaonja kwenye kiganja, akakunja uso kidogo. Kisha akageuka.

"Mama Deng," akasema, "chumvi imeniishia. Huna kidogo unipatie?"

Mama Deng akageuka akakimbia. Mwanamke mpana yule alikimbia kama msichana, watu wakiruka kumpisha, na tulimsikia nyumbani kwake akiangusha vitu. Alirudi na chumvi yote aliyokuwa nayo ndani ya leso, akaishika kwa mikono miwili, machozi yakimwanguka usoni, na sasa neno likaja, likaja mara nyingi, "Salaam, Rebeka, salaam, salaam." Mama Rebeka aliipokea akaitikia kila salamu kwa zamu yake, kana kwamba hakuna iliyochelewa. Wanawake wa nje wakaanza kuingia mmoja mmoja, wakijifuta miguu kana kwamba kuna zulia.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mafiga. Mkebe wa chumvi wa Mama Rebeka ulikuwa mguuni pangu, wazi, umejaa hadi juu. Nilikuwa nimemwona akitia konzi katika mulah ile kabla Deng hajafika. Nilisogeza sketi yangu nikaufunika.

Mama Rebeka akachota chumvi ya Mama Deng, si kidogo, akaitia sufuriani mbele ya macho ya wote, akakoroga. Tukaletewa sahani, tukaketi chini kuzunguka, Deng na mama yake, Tabitha, Mama Nyibol, Mama Achan, na wengine waliokula wakiwa wamesimama kwa kukosa nafasi. Chakula kile kilikuwa hakiliki. Kiliunguza ulimi. Nilimwona Mama Nyibol akikunja jicho moja, nikamwona Deng akimeza kwa taabu, nikamwona Mama Deng akionja, akatulia, akamwangalia mwenyeji wake, na nikajua kwamba amejua. Tulikula hadi sahani zikawa nyeupe, tukaomba maji, na tukanywa mtungi wote.